Basi Lile na Mmoja Aliyeachwa



Kijana mmoja wa mtaa wetu alitujia baada ya Sala ya Jioni, kitabu mkononi, akatuamkia, kisha akauliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema, "Wazee wangu, nakipenda kitabu hiki kuliko vingi nilivyosoma, nami nimekwisha kukirudia mara tatu. Lakini watu waliomo waliishi maisha ambayo nisingependa mdogo wangu ayaishi. Je, nafanya vibaya kukipenda?"

Kitabu chenyewe ni The Electric Kool-Aid Acid Test, kilichoandikwa na Mmarekani Tom Wolfe na kutolewa mwaka 1968. Mwandishi alifariki mwaka 2018, lakini kitabu chake kingali na wapenzi wengi. Tulikiazima tukakisoma wenyewe, maana si haki kuhukumu jambo kwa kusikia tu.

Kitabu hiki chaeleza habari za Ken Kesey, mtunzi wa riwaya aliyekuwa akiishi California, na rafiki zake. Mwaka 1964 walichukua basi kuukuu la shule, lililotengenezwa mwaka 1939, wakalipaka rangi za kila namna, wakafunga vipaza sauti, wakasafiri kutoka California hadi New York. Njiani walitumia dawa iitwayo LSD, ambayo huvuruga fahamu hata mtu akaona yasiyokuwapo. Siku zile sheria ya California ilikuwa haijaikataza. Ilikatazwa mwaka 1966.

Yafaa tukumbuke kwamba Kesey hakuipata dawa hiyo mara ya kwanza kichochoroni. Aliipata katika hospitali ya serikali ya askari wastaafu, huko Menlo Park, alipojitolea kwa malipo ili madaktari wamjaribie dawa. Miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba shirika la ujasusi la Marekani ndilo lililogharimia majaribio ya namna hiyo. Basi tusiwe wepesi kuwanyoshea kidole vijana wenye nywele ndefu peke yao. Wakubwa ndio waliofungua mlango.

Sasa, kwa nini kitabu hiki chapendwa? Kwanza, kwa sababu ya lugha yake. Tom Wolfe hakuwamo katika safari ile. Alikutana na Kesey mwaka 1966, Kesey akiwa mahabusu, kisha akawahoji waliosafiri, akasikiliza kanda zao na kutazama filamu waliyoipiga. Hata hivyo aliandika kana kwamba alikuwa ameketi kati yao. Maneno yake yapiga kelele na kukimbia, na msomaji hujikuta naye amepanda.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Watu wale walikuwa na ushirika. Walikula pamoja, walipeana majina mapya, waliazimia kusema wazi kila lililo moyoni. Walichoshwa na maisha ya kwenda kazini, kununua vitu na kunyamaza, nao walitaka kuamka na kuona ulimwengu kama ulivyo. Asomaye peke yake chumbani, ambaye labda hana hata jirani wa kumjulia hali, huona wivu. Njaa hiyo si dhambi. Ni njaa ile ile ituletayo sisi kanisani. Kijana wetu aliipenda karamu aliyoiona kwa mbali, wala hatuwezi kumlaumu kwa kuona njaa.

Lakini kuna mambo mawili kitabuni ambayo mpenda kitabu hana budi kuyatazama bila kugeuza uso.

La kwanza ni kikombe. Mwaka 1965 na 1966 Kesey na wenzake walifanya mikutano ya usiku yenye muziki na taa, na dawa ile ilitiwa katika kinywaji cha unga chenye ladha ya matunda wanachopenda watoto wa Marekani. Ndiko lilikotoka jina la kitabu. Katika mkutano mmoja karibu na Watts, Los Angeles, walikuwapo watu waliokunywa bila kujua kilichomo. Sisi tunaokusanyika kwenye Meza ya Bwana twajua uzito wa kikombe. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 11, aagiza kila mtu ajihoji kwanza, ndipo anywe. Atajihoji namna gani asiyejua anachokinywa? Anayemfungulia mwenzake macho bila ridhaa yake amemnyang'anya kitu, hata kama alikusudia zawadi.

La pili ni yule mmoja. Miongoni mwa abiria alikuwamo mwanamke kijana, ambaye wenzake walimpa jina la utani. Walipofika Houston, akili yake ilikuwa imekwisha kuvurugika. Katika nyumba waliyofikia alimwona mtoto mdogo wa mwenye nyumba, akamkumbatia akidhani ni mwanawe, ambaye alikuwa mbali naye. Mwisho akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Basi likaendelea na safari, muziki ukilia.

Ndugu zetu, twaungama. Tulipopita kurasa zile mara ya kwanza tulicheka, maana habari imesimuliwa kwa mbio na kwa mzaha. Tulikuwa tumefika New York pamoja na basi ndipo tukajiuliza: yule mama yuko wapi? Tukarudi nyuma kusoma tena, na safari hii hatukucheka. Mchungaji wa Luka 15 aliwaacha tisini na tisa akamfuata mmoja. Hapa wengi walimwacha mmoja wakaifuata furaha yao, na sisi wasomaji tulikuwa pamoja nao.

Basi tulimwita kijana wetu tukamjibu hivi. Wahenga walikataza kumbembeleza mtoto kwa wimbo mbaya, na kwa mtoto kitabu hiki hakifai. Lakini wewe ni mtu mzima, na mwandishi hakukuficha lolote. Ameandika furaha, ameandika na Houston. Kipende, ila ukifika Houston, shuka. Kaa kidogo na yule aliyeachwa, kisha ujiulize kama bado waitaka safari. Upendo usiomwona aliyeumia ni ulevi, hata kama hatukuonja kitu.

Akasikiliza kwa adabu, kisha akatuuliza naye: "Na mama yule aliyekuwa akiimba nasi kwaya, aliyeugua akili mwaka juzi, nani amekwenda kumtazama?"

Tulinyamaza. Kwaya yetu iliendelea na mazoezi juma lile lile, ikasafiri kwenda kwenye mashindano, ikashangiliwa. Nafasi yake ilijazwa na mwingine. Hatukumfukuza, tuliendelea tu na safari.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwake, kijana huyo akiwa pamoja nasi. Alitufungulia mlango, akatutazama kwa muda, akatukaribisha kwa majina yetu yote. Jumamosi ijayo twakwenda tena, baada ya saa tisa. Atakaye kufuatana nasi na aje.