Msaidizi wa Bustani na Ujira Wake

Mtu afanyapo kazi ya jasho kwa ajili ya jamaa wakaao pamoja, naye hapewi mshahara ila chakula, malazi na mahitaji yake, je, huyo amekirimu au amedhulumiwa? Wengi wetu tukiulizwa hivi hujibu upesi, na jibu la upesi katika jambo hili aghalabu hukosea.

Natuchukue mfano ulio mashuhuri. Mwaka 1938 tabibu mmoja wa Vienna, Karl König, aliyezaliwa katika nyumba ya Kiyahudi, aliikimbia nchi yake baada ya kutwaliwa na Wanazi, akaishia Uskochi. Huko, mwaka 1940, yeye na wenzake wakahamia nyumba iitwayo Camphill, karibu na mji wa Aberdeen, wakakaa pamoja na watoto wenye upungufu wa akili. Mwaka 1955 kikafunguliwa kijiji cha Botton, katika Yorkshire, kwa ajili ya watu wazima wa hali hiyo. Leo makao ya namna hii yamo katika nchi nyingi. Mengi yana bustani ya mboga, na bustanini mna wasaidizi, wengi wao vijana waliokuja kwa mwaka mmoja.

Kazi yenyewe haina fahari. Mbolea ya dukani haitumiwi. Viwavi wa kabichi huokotwa kwa mkono. Samadi na maganda ya jikoni hurundikwa, yakapinduliwa, yakangojewa hata yaoze. Tena hufuatwa mafunzo aliyoyatoa Rudolf Steiner mwaka 1924, hata pembe ya ng'ombe hujazwa kinyesi, ikazikwa majira yote ya baridi, kisha kilichomo kikakorogwa majini kwa saa nzima na kunyunyizwa shambani. Hilo la pembe sisi hatukuiona hoja yake, wala si lazima mtu alisadiki ndipo apalilie vizuri.

Basi tazama tuta la karoti. Karoti huchelewa kuota na magugu huitangulia, hapana budi mtu apige magoti ayang'oe moja moja. Msaidizi mwenye nguvu angelimaliza tuta kabla ya adhuhuri. Lakini ubavuni pake yupo mwanakijiji ambaye kila ang'oapo gugu huenda akang'oa na karoti mbili, kisha husimama akatazama ndege. Akimwondoa, tuta litasitawi, na mwenziwe atarudi kuwa mtu wa kulishwa tu. Akimwachia yote, jikoni hakutafika kitu, na mwenziwe atatambua kuwa alipewa mchezo, maana upungufu wa akili haumzuii mtu kujua anapochezewa. Kazi ya msaidizi, nionavyo mimi, ni hiyo iliyo katikati: karoti zifike jikoni, na mkono wa yule uwe umo katika kuzifikisha. Ni ngumu kuliko kulima.

Ujira wa kazi hii utapimwa kwa nini? Ukipimwa kwa ratili za karoti, aliyekwenda mwendo wa mwenziwe ndiye aliyefanya vibaya. Wanazuoni wa sharia husema kuwa katika ijara yatakikana kazi ijulikane na ujira ujulikane. Hapa kazi yenyewe ni shida kuieleza, seuze kuitia bei.

Walakini hoja hii ina mlango wa hatari. Kazi kutopimika si hoja ya kuwa mwenye kuifanya hadai kitu. Mnamo miaka ya 2014 na 2015 kulizuka mzozo mkubwa Botton. Wasimamizi walitaka wasaidizi wawe waajiriwa, na baadhi ya waliokaa humo miaka mingi wakakataa, wakisema udugu wao utavunjika. Kijana wa mwaka mmoja hayamdhuru hayo. Atarudi kwao na nguvu zake. Ama aliyeingia na miaka ishirini na mitano akazeekea humo, hana nyumba wala akiba, na magoti yameharibika kwa ardhi ya baridi, huyo anategemea nini ila hisani ya wasimamizi, ambao huenda hawakuwako alipokuwa akipalilia?

Hao waliokataa mshahara siwalaumu. Lakini siku ile anapopokewa, angali na magoti mazima, na iandikwe mbele ya mashahidi ni nani atakayemtunza asipoweza kuinama tena.