Sitara ya Nyumba, Sitara ya Programu

Je, kila kilichofichwa kina hila ndani yake? Swali hili humkabili hata anayeanza kujifunza programu. Hufundishwa kwamba klasi ni kiolezo na obijekti ni kitu kilichoundwa kwa kiolezo hicho, fikra iliyokomaa Oslo katika miaka ya 1960 mikononi mwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waasisi wa lugha ya Simula. Kisha huambiwa aisitiri data ya obijekti: salio la akaunti lisiguswe ila kwa amri za kuweka na kutoa. Wengi huona huo ni usumbufu. Mimi naona ni adabu, na Mji wa Kale wa Mombasa unaijua tangu zamani. Barazani hukaa yeyote, akazungumza na kupata habari za mji. Ndani haingii mtu bila hodi. Sura ya An-Nur, aya ya 27, inawaamuru waumini waombe idhini na watoe salamu kabla ya kuingia nyumba zisizo zao. Mgeni hapungukiwi na kitu kwa hilo, maana haja yake ataisema mlangoni. Mwenye nyumba naye sasa anaweza kuulizwa. Nyumba inayoingiwa kila upande, mali ikipotea, alaumiwe nani? Salio nalo likibadilishwa kutoka kila pembe ya programu, siku litakapoonyesha hasi 500 hapatakuwa na wa kujibu. Likipita kwenye amri moja tu ya kutoa, kosa lina pa kutafutwa.

Atasema mtu kwamba sitara huficha dhuluma pia, na ni kweli: wapo wanaoumizwa nyuma ya milango ya nakshi. Lakini mlango usioitika hodi umeshaacha kazi yake, na obijekti isiyotoa jibu la haki inapoulizwa imeandikwa vibaya. Mwingine atasema elimu haifichwi. Naam, na klasi yaweza kusomwa na dunia nzima huku salio la kila akaunti likibaki siri yake. Kanuni ni ya wote, hali ni ya mwenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu kwa msingi huohuo.

Lugha ya Java humzuia anayetaka kuigusa data iliyofungwa. Katika lugha ya Python, mwandishi huweka kistari cha chini mbele ya jina kama ishara tu, na anayeitumia data huachiwa hiari. Wewe unayeanza, kiheshimu kistari hicho hata pasipo wa kukuzuia.