Nishani ya Shinkolobwe

Mgodi wa Shinkolobwe uko kilomita kama 20 magharibi mwa Likasi, nchini Kongo. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1915, na kilichoitajirisha kampuni ya Union Minière hapo mwanzo kilikuwa radiamu, iliyotumika kutibu saratani na kung'arisha namba za saa gizani. Urani yenyewe ilikuwa karibu makapi. Viwanda vya Ulaya viliinunua ili kutia rangi vigae na vyombo vya udongo.

Likasi wakati huo iliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, bwana mkubwa wa kampuni hiyohiyo. Nani wa kuihoji kampuni katika mji wenye jina la bwana wake? Lakini swali lipo, na hapa ndipo mahali pa kuliuliza: muuzaji anawajibika kwa lile atakalofanya mnunuzi? Jibu la haraka tunalo. Mhunzi hakamatwi kwa sababu panga lake limemkata mtu. Naliunga mkono jibu hilo, mradi mhunzi hakuambiwa lolote kabla ya kuuza.

Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, aliambiwa. Mei 1939, mwanasayansi Henry Tizard alimtahadharisha mjini London kwamba mali aliyoishika ingeweza kuleta maangamizi ikiangukia mikononi mwa adui. Muda mfupi baadaye Frédéric Joliot-Curie wa Ufaransa naye alimwendea akitaka urani hiyohiyo kwa majaribio ya mlipuko. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumwambia Sengier kwamba anauza rangi ya vigae. Mwaka 1940 alipeleka zaidi ya tani 1,200 za mawe New York, yakawekwa ghalani Staten Island. Huku nyuma, zaidi ya tani 1,000 za urani ya kampuni zilikuwa zimebaki Ubelgiji, na Wajerumani walipoivamia nchi hiyo walijichukulia. Onyo la Tizard, basi, lilisikika nusu.

Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani aliingia ofisini kwa Sengier. Mazungumzo hayakuchukua hata saa moja, na mgeni akatoka na makubaliano ya kununua shehena yote ya Staten Island pamoja na mawe yaliyokwisha kuchimbwa na kulundikwa Shinkolobwe. Baadhi ya mawe hayo yalikuwa na urani hadi asilimia 65, kiwango ambacho migodi ya Marekani haikukikaribia hata kidogo. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima iliteketea, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la atomiki lililoangushwa huko ilitoka Shinkolobwe.

Kama yale yalikuwa matumizi mabaya au la, wengine watabishana. Katikati ya vita vile, sidhani kama mfanyabiashara angeweza kumfukuza kanali mlangoni. Ninalolishika ni la mwaka 1946: serikali ya Marekani ilimvisha Sengier nishani kwa mchango wake, naye akaipokea. Anayepokea sifa kwa kilichotendwa na mali yake amekiri kwamba ipo njia kutoka ghalani kwake hadi huko. Njia hiyo haiwezi kufungwa siku waliojeruhiwa wanapoifuata kuja kudai. Wachimbaji Waafrika walioyashika mawe yale kwa mikono hawakuvishwa kitu.

Mwaka 1960 kampuni ilifunga mgodi na kumwaga zege mashimoni. Zege halikumzuia mwenye njaa. Wachimbaji wa mikono walirudi, safari hii wakitafuta kobalti, na Januari 2004 rais wa Kongo akatoa amri ya kuufunga mgodi. Julai mwaka huohuo udongo uliporomoka, watu wanane wakafa.

Miezi mitatu baadaye swali lilelile la uwajibikaji wa kampuni lilizuka Kilwa, kando ya Ziwa Mweru: jeshi lilizima uasi mdogo na kuua raia zaidi ya 70. Wanajeshi walisafirishwa kwa magari ya Anvil Mining, kampuni iliyochimba mgodi wa Dikulushi. Anvil ilijitetea kwamba magari yalichukuliwa kwa amri ya serikali, kwa hiyo haikuwa na la kufanya. Utetezi huo una uzito zaidi kuliko wa Sengier, kwa sababu mbele ya bunduki hakuna mkataba. Hata hivyo jeshi lilipewa pia nafasi katika ndege za kampuni, na madereva walilipwa na kampuni. Mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia wafanyakazi wa Anvil mwaka 2007, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kuisikiliza kesi mwaka 2012. Hatimaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa 2017, iliagiza walalamikaji walipwe dola milioni 2.5. Deni hilo liliangukia serikali ya Kongo, kwa kuwa Tume huhukumu mataifa, si makampuni. Anvil ilikuwa imeshauzwa kwa kampuni ya Minmetals tangu 2012.