Kadi ya Buluu
Nchini Uingereza, kadi ya buluu ya maegesho hupewa mtu mwenye ulemavu, si gari lake. Akipanda teksi au gari la jirani, huenda nayo. Nafasi nyingi za maegesho zilizotengwa kwa wenye kadi huwa pana kuliko za kawaida, kwani mlango usipofunguka wote kiti cha magurudumu hakishuki. Kwa hiyo anayeegesha hapo “dakika mbili tu” humfungia mwenzake nje. Kijana anayekwenda na kadi ya mama yake dukani, mama kabaki nyumbani, anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Lakini anayeshuka akitembea wima si lazima awe mdanganyifu: tangu 2019, England hutoa kadi hiyo hata kwa baadhi ya wenye ulemavu usioonekana, jambo ambalo wakaguzi wa kujiteua hulisahau upesi.