Nani Aliruhusiwa Kumuua Swala?

Wiki mbili zilizopita, katika ibada ya vijana, kijana mmoja aliinua mkono akaniuliza, "Pasta, mzungu akilipa dola zake akampiga swala risasi kule Namibia, anaitwa mgeni wa heshima. Jirani yetu hapa akimnasa swala mmoja watoto wale, anaitwa jangili na anafungwa. Mbele za Mungu tofauti ni gani?" Nilimjibu harakaharaka kwamba tutii sheria, tukafunga kwa maombi. Lakini lile swali lilinifuata mpaka nyumbani.

Karo yangu ya kidato cha kwanza ilitoka kwa swala. Jambo hili sijawahi kulisema madhabahuni. Mjomba wangu, upande wa Voi, alikuwa akitega waya vichakani karibu na mpaka wa Tsavo. Nyama ilifika usiku ndani ya gunia, nasi watoto tukiambiwa ni mbuzi. Jamani, mbuzi gani huyo anachinjwa saa sita usiku kila wiki? Tulikula tukanyamaza. Nyingine iliuzwa, na pesa zikaninunulia sanduku, godoro na muhula wa kwanza.

Baadaye chuoni, nikisomea biashara, nilisimama mbele ya darasa nikatetea uwindaji wa kulipia. Hoja yangu ilikuwa kwamba mnyama asiyeingiza pesa hana wa kumlinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Namibia ilichukua njia nyingine: sheria ya 1996 iliwapa wanavijiji haki juu ya wanyama wa eneo lao, hivyo mwindaji akija kumpiga choroa au tandala, ada inaingia kwenye hifadhi ya jamii na nyama inagawiwa vijijini. Mwindaji anaondoka na pembe. Hata leo siwezi kusema hoja hiyo ni ya kijinga. Watafiti waliohesabu wanyama wetu kwa ndege walikuta kwamba kati ya 1977 na 2016, zile nyanda zetu za malisho zilipoteza karibu theluthi mbili yao. Tuliikataza bunduki, lakini mashamba, nyua, mifugo mingi na mitego ya waya vikaendelea na kazi.

Basi kwa hesabu nilishinda darasani, hata makofi nikapigiwa. Kitu ambacho hesabu haikugusa ni yule mtu mwenyewe aliyeshika bunduki. Anafanya nini pale?

Ukisafiri Barabara ya Mombasa, ukishapita Athi River, unafika zile nyanda za Kapiti. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, aliteremka garimoshi hapo akaanza safari yake ya kuwinda. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, kwa hesabu yake mwenyewe aliyoichapisha kitabuni: swala, kongoni, nyumbu, pofu, simba, ndovu. Kibali kilikuwepo. Ngozi na mifupa mingi ilikwenda kwa jumba la makumbusho la Smithsonian, na wapagazi walikula nyama. Ukitaka sababu za kumtetea hutakosa. Lakini mimi nikifika ile namba 512, roho yangu inakataa, na digrii yangu hainisaidii kueleza kwa nini.

Nimesaidiwa na Mambo ya Walawi 17:13. Torati haikatazi kuwinda. Kumbukumbu la Torati 12 inawaruhusu watu kula paa na kulungu nyumbani kwao. Ila hapa Walawi inasema mwindaji akishampata mnyama wa kuliwa, aimwage damu yake na kuifunika kwa mchanga. Na agizo hili ni la mwenyeji na la mgeni vilevile. Hebu fikiria. Uko porini, hakuna kuhani, hakuna askari, njaa inauma, lakini ni lazima usimame, uiname, ufunike damu kwa mkono wako. Unakiri kwamba uhai ule haukuwa wako, hata kama nyama ni yako.

Sasa mwangalie yule mgeni wa heshima. Naye hupiga magoti kando ya swala. Damu puani inapanguswa, kichwa kinainuliwa pembe zionekane vizuri, picha inapigwa. Damu inaondolewa kwa ajili ya kamera. Kama alikuja kwa ajili ya hiyo pembe tu, mimi sioni aliruhusiwa wapi, hata kama kijiji kizima kimekula nyama na kisima kimechimbwa. Wanavijiji siwalaumu.

Lakini kijana wangu, na mjomba je? Waya hauna mwindaji. Swala ananaswa jioni, anahangaika usiku kucha, na mjomba hayuko pale ainame popote. Amelala. Mara nyingi alifika asubuhi akakuta fisi wamemtangulia, au mnyama ameoza kwa sababu alikawia kukagua. Njaa yetu ilikuwa ya kweli, nami siwezi kuiita dhambi kula ukiwa na njaa. Lakini wale waliooza waya ukiwa shingoni hawakulisha mtu yeyote. Hao nao ni wa kuhesabiwa.

Mwezi wa nane nilimtembelea. Siku hizi ameokoka, anafuga mbuzi wa kweli, magoti yanamsumbua. Nikamwuliza kama huwa anawafikiria wale swala. Alinyamaza kwa muda mrefu, akakoroga chai yake, kisha akasema, "Nawafikiria sana, mwanangu, hasa wale niliochelewa kuwafikia. Na wewe, ukishika ile digrii yako, huwa unawafikiria?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nimeanza mwezi huu.