Riba, Mwani na Sanduku la Funguo Tatu

Wanawake wa kikundi chetu huku Moa, wilayani Mkinga, hunijia na swali lilelile kila msimu wa kugawana unapokaribia: hii ziada tunayotozana ni riba au si riba? Huniuliza mimi kwa sababu nafundisha madrasa na daftari la kikundi nalishika mimi. Jawabu langu halijabadilika. Ni riba. Aliyekopa laki moja akatakiwa arudishe laki na elfu kumi, ile elfu kumi ni nyongeza juu ya deni, na kugawana wenyewe mwisho wa mwaka hakuigeuzi kuwa kitu kingine.

Lakini mwalimu akishasema hivyo akaondoka zake, kaacha watu pabaya. Mwanamke anayejitoa kikundini kwa kumcha Mungu shida yake haikujitoa. Kusi limevuma, mume amerudi na ngalawa tupu, shule inataka sare. Ataishia kwa wakopeshaji wa mitaani, wale tunaowaita kausha damu. Kule rejesho ni la kila wiki, na wiki ikimpita wanakuja kubeba godoro na sufuria mbele ya watoto. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018, ila mtu anayekopesha kwa kidaftari cha mfukoni hana habari na yote hayo. Nimeona wanawake waliokimbia riba ndogo ya wenzao wakaangukia kubwa ya mgeni, na walikimbia kwa sababu ya darasa walilolisikia msikitini.

Halafu uko mkopo ambao darasani hautajwi kabisa. Mkulima wa mwani hana mtaji wa kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani. Mnunuzi anampa, bila senti ya ziada. Sharti lake ni moja: mwani utauzwa kwake. Basi mama anangoja bamvua, maji yakitoka anashuka na wenzake, anafunga vipande kimoja kimoja kwenye kamba huku maji yakimfika magotini. Baada ya mwezi na nusu hivi anavuna, anabeba mzigo unaochuruzika chumvi mgongoni, anaanika. Rundo la kumshinda kubeba linakauka mpaka linaingia kwenye viroba vichache. Mwenye mzani ni mnunuzi, mwenye bei ni mnunuzi, na mwani ukiungua kwa joto la maji hasara ni ya mama na deni la kamba liko palepale.

Hapo hakuna aliyetamka riba. Mafakihi wa zamani lakini walikwishasema kwamba mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa una hukumu ya riba, na kumfunga mtu asiuze kwingine ni manufaa makubwa. Pwani yetu inaujua mchezo huu tangu enzi. Unguja palikuwa na bei ya khiyari: mwenye shamba la karafuu analiuza akiwa na haki ya kulikomboa, kisha analikodi shamba lake mwenyewe kwa yule aliyemuuzia. Karatasini ni biashara halali. Kodi ile ilikuwa nini, kama si riba?

Kwa hiyo ninaposoma Sura ya Baqara sisomi aya za riba peke yake. Zimetanguliwa na aya nyingi za kutoa sadaka, zikafuatwa na amri ya kumpa muhula mdaiwa aliyebanwa, kisha ikaja aya ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya kuandikiana deni. Aliyeharamisha riba aliwaamrisha kwanza wenye mali watoe. Sisi tumeshika katazo, amri tumeiacha.

Benki zisizo na riba zipo. Amana Bank ilianza mwaka 2011, CRDB wakaleta Al Barakah mwaka 2021. Njia yao ya murabaha naikubali: benki inanunua mashine ya boti, inakuuzia kwa bei mliyokubaliana, na bei haipandi ukichelewa. Lakini wanataka dhamana na vitabu vya hesabu, na mama wa mwani hana hati ya kiwanja wala leseni. Simu ilimfikia kabla ya benki, tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na mikopo ya simu nayo ina tozo zake.

Kilichobaki karibu yake ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu tofauti. Mtindo huu wa kuweka na kukopeshana ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa wanawake Waislamu kama sisi. Siutaki uvunjwe. Kwetu anayekopa mfuko wa jamii kwa ugonjwa hurudisha kilekile alichochukua. Kwa biashara tumeanza kununua kamba kwa fedha ya kikundi na kumuuzia mwanachama kwa bei inayosomwa mbele ya wote, alipe akivuna, na auze mwani kwa amtakaye. Faida inaingia sandukuni kama faida ya biashara. Ni kidogo kuliko ile ya riba, na wapo wanaonung'unika.

Mtaji wetu hautoshi, na hapa nazisemesha kamati za misikiti kuanzia Horohoro hadi Pangani. Aya ya 60 ya Sura ya Tawba inawataja wenye madeni katika mafungu manane ya zaka. Tengeni fungu lao kila mwaka, waliobanwa walipiwe. Na wenye nacho katika jamaa zenu wahimizeni waweke fedha ya mkopo mwema, wakopeshe na warudishiwe bila nyongeza. Kwa masheikh nina ombi lingine. Sheikh Ali bin Hemed el-Buhriy, aliyekuwa kadhi hapa Tanga, alituandikia Nikahi, sheria ya ndoa kwa Kiswahili. Tuandikieni na sheria ya deni kwa lugha hiyohiyo, yenye kamba, taitai na mzani ndani yake, tuisome kikundini kabla ya kufungua sanduku.