Kipande cha Halua na Ulimi wa Watu

Jambo tutakalolisema leo huenda likaonekana dogo, nalo kwa hakika ni dogo kama kipande cha halua. Lakini mambo madogo ndiyo aghalabu hudhihirisha tabia ya mtu, na khasa tabia ya watu wanaoketi pamoja kutafuta ilimu. Suali lenyewe ni hili: Mtu aliyeazimia kupunguza uzito wake, kisha akaonekana anakula kitu kitamu, je, amekosa? Na sisi tunaomuona, je, tuna haki ya kumhukumu?

Imetulazimu kulieleza kwa sababu limetokea katika darsa yetu wenyewe hapa Loresho, na aliyekosa ni mwandishi wa maneno haya.

Loresho, kama wajuavyo wakaao Nairobi, ni mtaa wa upande wa magharibi ya mji, mtaa wa miti mikubwa na nyua za michongoma, ambako wengi wetu hatutembei kwa miguu isipokuwa kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Ndugu yetu mmoja, aliyekwisha kupita miaka hamsini, aliambiwa na tabibu wake kwamba uzito wake umezidi na shinikizo la damu limepanda. Hakumtangazia mtu. Alianza kutembea kila siku baada ya sala ya alfajiri, akishuka mpaka upande wa Kangemi na kurudi akipanda. Akapunguza wali na chapati, akaacha kutia sukari katika chai. Kwa muda wa miezi minane alipungua kilo 11, nasi sote tukaona kwamba kanzu yake imekuwa pana.

Jumamosi moja, baada ya darsa ya alasiri, ililetwa kahawa na sahani ya halua iliyotoka Mombasa. Ndugu yetu alichukua kipande kimoja, kadiri ya vidole viwili. Nami nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Ahaa, bwana! Kumbe ndiyo dawa ya kukonda hiyo?" Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, akakirudisha kipande sahanini, akanywa kahawa yake chungu na akaondoka mapema. Jumamosi ya pili hakuja, wala ya tatu.

Nilimwendea nyumbani kwake nikidhani ana homa. Alinikaribisha vizuri, kisha akaniambia kwa upole jambo ambalo sijalisahau. Kipande kile alikuwa amekwisha kukihesabu. Tangu Jumatatu alijua kwamba Jumamosi kutakuwa na halua, naye akakiwekea nafasi yake. Lakini usiku ule, watu wa nyumbani walipolala, aliketi jikoni peke yake akala halua iliyokuwamo kabatini mpaka ikamalizika, wala hakuonja utamu wake. "Mbele yenu, ndugu yangu," akasema, "ningekula kipande kimoja tu."

Basi na tulitazame suali letu. Je, alikuwa amekosa alipochukua kipande kile?

Halua ni sukari, wanga, samli, iliki na zafarani. Kipande cha gramu 30, hata tukikikadiria kwa wingi, hakizidi kilokalori 150 hivi, na mtu mzima huhitaji kwa siku takriban kilokalori 2,000 hadi 2,500. Mwili haupungui wala hauongezeki kwa kipande kimoja. Hupungua ikiwa chakula kiingiacho, siku baada ya siku, ni kichache kuliko nguvu itumikayo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa muongozo kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo katika asali na maji ya matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula. Hiyo ni gramu 50 kwa mtu wa kilokalori 2,000, na likasema kwamba kuishusha hadi gramu 25 kungeleta faida zaidi. Muongozo huu, kama uonavyo, umeweka mpaka. Haukusema kwamba mtu asionje kitu kitamu maisha yake.

Na hapa ndipo ulipo mzizi wa makosa yetu. Sisi tulidhani kwamba mtu aliyeazimia kupungua ameweka nadhiri ya kuacha, ilhali yeye alikuwa ameweka kipimo. Kuacha na kupima ni mambo mawili mbalimbali. Aliyeacha kitu, ukimuona nacho mara moja umekwisha kujua kwamba amevunja ahadi yake. Lakini aliyejiwekea kipimo, ukimuona mara moja hujajua lolote, kwa sababu wastani hauonekani kwa mtazamo mmoja. Wastani ni hesabu ya siku nyingi, nayo haijui ila mwenyewe na Mola wake. Sisi tuliona kipande. Hatukuona alfajiri zote alizopanda mlima katika baridi ya Nairobi, wala sahani za wali alizozikataa, wala vikombe vya chai alivyovinywa bila ya sukari. Kadhi hukumu hatoi kwa kusikia neno moja la shahidi mmoja. Vipi basi sisi tumehukumu miezi minane kwa kuona kipande kimoja?

Zaidi ya hayo, jicho letu halina hata uadilifu. Siku ile ile, mimi niliyenena nilikuwa nimekwisha kunywa vikombe vitatu vya chai tangu asubuhi, kila kimoja kina vijiko vitatu. Kijiko kimoja kisichojazwa sana ni gramu 4 za sukari, basi nilikuwa nimekunywa gramu 36 wala hapana aliyenitazama. Chupa moja ndogo ya soda ina zaidi ya gramu 30, nasi humpa mgeni kwa heshima tena humbembeleza aimalize. Sukari ya chai haina jina baya kwa sababu kila mtu anayo. Halua ikionekana mkononi mwa mtu mnene, huwa kesi. Basi tulichokuwa tukikihukumu si sukari. Tulikuwa tukihukumu mwili wa mtu.

Na katika kuhukumu miili ya watu sisi hatuna hata msimamo. Zamani mtu mnene alisifiwa kwamba amenawiri, na bibi arusi alilishwa ili anenepe. Kisha ukaja wakati ambapo mtu aliyekonda hunong'onwa. Katika miaka ya 1980, huko Uganda, maradhi ya ukimwi yaliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na mpaka leo mtu akipungua kilo chache huulizwa kwa jicho la huruma, "Una nini?" Ndugu yetu huyu aliyapata yote mawili: alipokuwa mnene aliambiwa anajiachia, alipoanza kupungua akaulizwa kama anaumwa, na alipokula kipande cha halua akachekwa. Na wanawake hali yao ni nzito zaidi, kwani kila anayeingia arusini hujiona ana ruhusa ya kumpima mwenzake kwa macho. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Hao ni mama zetu, dada zetu na wake zetu. Jambo lililowafika watu wengi kadiri hii halifai kuwa mzaha wa barazani.

Sasa na tukumbuke kisa kimoja ambacho wengi wetu tumekisoma bila ya kukifikiria kwa namna hii. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Na imepokewa vile vile kwamba alikuwa akikaa kwa Bibi Zainab binti Jahsh na kunywa asali kwake. Bibi Aisha na Bibi Hafsa wakapatana kwamba yeyote katika wao atakayeingiliwa naye amwambie kuwa ananuka harufu ya utomvu mbaya. Naye alikuwa hapendi kunuka. Aliposikia hayo akasema hatainywa tena. Ndipo ikateremka aya ya mwanzo ya sura ya 66, akiulizwa kwa nini ajiharimishie alichohalalishiwa na Mwenyezi Mungu kwa kutaka radhi ya wakeze.

Hatukitaji kisa hiki ili kuwalinganisha watukufu hao na sisi. Tumekitaja kwa kuwa mambo yaliyomo ndiyo yale yale yaliyotokea katika darsa yetu: kitu kitamu cha halali, neno la watu wa karibu lililosemwa kwa wepesi, na mtu mwenye haya akajinyima. Dini ile ile iliyofundisha kwamba mtu aligawe tumbo lake, theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi, haikuridhia asali iondolewe kwa ajili ya neno la watu. Kiasi ni jambo moja, na kuwaogopa watu ni jambo jingine.

Huenda msomaji akasema: "Lakini je, neno kali halimsaidii mtu kujizuia?" Jawabu ni kwamba halimsaidii, na jambo hili limechunguzwa. Watafiti wa University College London walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa watu 2,944 wa Uingereza, wenye umri wa miaka 50 na zaidi, waliofuatiliwa kwa muda wa miaka minne. Wale waliosema kwamba watu huwadharau kwa sababu ya uzito wao waliongezeka kwa wastani wa kilo 0.95. Wasiodharauliwa walipungua kwa wastani wa kilo 0.71. Uchunguzi wa namna hii hauwezi peke yake kuthibitisha sababu, lakini unaafikiana na yale niliyoyasikia kwa masikio yangu katika nyumba ya ndugu yetu. Aibu haimuondolei mtu hamu ya kula, bali humuondoa mezani penye watu na kumpeleka jikoni penye giza. Na mezani ndipo penye kipimo, kwa kuwa pana watu, mazungumzo na kahawa chungu ya kuukata utamu.

Na atauliza mwingine: "Je, hapana nasaha? Tumuone mwenzetu anajidhuru na tunyamaze?" La, hatusemi hivyo. Mwenye maradhi ya sukari aliyekatazwa na tabibu si sawa na mwingine, na nduguye ana haki ya kumjali. Lakini nasaha ina masharti yake. Iwe kwa faragha, wala si mbele ya watu wanaocheka. Iwe kwa ujuzi wa hali ya mtu, wala si kwa dhana, na sote twajua kwamba sura ya 49 imetuonya juu ya dhana, upelelezi na dhihaka kwa pamoja. Tena nasaha imgharimu kitu mwenye kuitoa: aseme, "Kesho alfajiri nitatembea pamoja nawe." Neno lisilomgharimu msemaji kitu, na linalomgharimu msikilizaji heshima yake, haliitwi nasaha hata likivishwa nguo gani.

Na wenyeji wa nyumba tunawaambia hivi: msimlazimishe mtu kula kisha mkamcheka kwa kula. Mgeni akisema inatosha, iwe imetosha. Vipande vikatwe vidogo, na maji na matunda yawepo, kila mtu achukue apendacho bila ya kutazamwa.

Neno la mwisho ni la yule anayetazamwa. Ewe ndugu uliyejiwekea kipimo, usikivunje kwa ajili yetu, wala usikikaze kwa ajili yetu. Kula kwa ajili ya watu ni utumwa, na kuacha kwa ajili ya watu ni utumwa vile vile. Ukila kipande ulichokihesabu, kile kwa kushukuru na uone utamu wake. Na ukizidisha siku moja, kesho yake rudi katika kipimo chako, kwani amali bora ni ile inayodumu ijapokuwa ni kidogo, na mwenye kudumu hakosi siku ya kujikwaa.

Nilimuomba radhi ndugu yetu nyumbani kwake. Lakini kosa lililofanywa mbele ya watu halitengenezwi kwa siri, basi Jumamosi iliyofuata, aliporudi darsani, nilimuomba radhi tena mbele ya wale wale waliocheka, naye akasamehe. Baadaye ikaletwa kahawa na ile sahani. Kama alichukua kipande au hakuchukua, mimi siwezi kuwaelezeni, kwa kuwa sikutazama.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuzichunga ndimi zetu kabla ya kuzichunga sahani za wenzetu. Amin.